Makopo Yanayoita Mafuta

Hehea alikuwa ameketi juu ya ukuta wa bahari hapa Nukualofa, mji mkuu wa visiwa vyetu, anatafuna mkate wa mtu mwingine, alipowaona wanawake wanne wanatoka kliniki wameinamisha vichwa kama timu iliyofungwa nyumbani. Aliacha kutafuna. Wengine waliokaa ukutani waliona akina mama wenye huzuni, wakawapa pole kimoyomoyo. Hehea alipangusa makombo shatini na kuiweka kola yake sawa.

Ni vizuri tumjue kabla hajafungua mdomo, kwa sababu akishaufungua hutamjua tena. Alizaliwa Popua, mtaa wa pembeni kando ya ghuba, akapelekwa Auckland, ng'ambo, angali mtoto wa kubebwa. Huko alikulia, akajifunza kuziba magurudumu, na baadaye akauza tiketi za bahati nasibu ya gari zuri sana. Gari lilikuwa la jirani yake, na jirani hakuwa na habari. Basi akarudi nyumbani kwa ndege, nauli akalipiwa na serikali ya wenyewe, heshima ambayo si kila msafiri huipata.

"Mama zangu," alisema akiruka chini, "poleni na msiba. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu," alijibu mmoja wao, Sisilia, mwembamba wa maneno kuliko wote lakini si wa kiuno. "Ni mizani."

"Imekufa?"

"Tungefanya na sherehe."

Aliyekuwa mbele hakucheka. Huyo ni Losaline, mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa kanisa letu, mwanamke mpana, mzuri, mwenye sauti ya kuita mashua kutoka mbali. Alikuwa anategemea fimbo, na kila hatua aliyopiga goti lake la kulia lilitoa maoni yake.

"Madaktari wa ng'ambo wanakuja juma linalofuata mkutano mkuu wa kanisa," alisema. "Wanatengeneza magoti. Langu hawaligusi mpaka nipungue kilo kumi na tano. Nesi Fusi kaniambia hivyo leo, tena kwa upole, ndiyo maana nimeumia zaidi."

"Na usipopungua?"

"Wanarudi kwao na visu vyao. Mimi narudi kwenye kiti." Akagonga fimbo chini. "Mwanangu, wenzangu wote wanafuma mikeka wamekaa chini, wanapiga soga, wanasengenya watu kwa raha. Mimi nimewekwa juu ya kiti kama picha ya marehemu. Nikikaa sakafuni wanahitajika watu wanne kuninyanyua, na wawili kati yao huwa wanacheka. Nataka kukaa chini na kuinuka mwenyewe. Ni hilo tu."

Moyo wa Hehea uliguswa, lakini kidogo tu, kama mtu anayeguswa begani kwenye foleni. Akauliza kama hajawahi kujaribu.

"Kujaribu? Nimekunywa siki. Nimekula kabichi mpaka sungura wakaniona mwenzao. Mwaka jana nilipunguza kilo kumi! Zikaondoka, zikatalii, zikarudi na wageni wawili."

"Na hujawahi kujiuliza," Hehea alisema polepole, akiwa bado hajui sentensi itaishia wapi, "zilijuaje njia ya kurudi?"

Wanawake wakatazamana.

"Ziliitwa," alisema Hehea, akifurahi kuifahamu mwenyewe.

"Na nani?"

"Mama, chini ya kitanda chako pana katoni ngapi za nyama ya kopo?"

Losaline alishtuka kama aliyesomewa kiganja. Hapa msomaji ajue kwamba katika mji wetu kumwambia mtu ana nyama ya kopo chini ya kitanda ni sawa na kumwambia ana pua. Hakuna nyumba isiyoweka akiba kwa ajili ya misiba, harusi, na wageni wanaokuja bila taarifa, ambao ndio wageni wote.

"Mafuta ni kama nguruwe," aliendelea Hehea. "Unaweza kumfukuza mpaka kule kwenye matope, lakini mwenzake akiguna nyumbani anarudi mbio. Mafuta ya kopo yanaita. Ya mwilini yanaitika. Mimi nimelisomea jambo hili ng'ambo. Daktari Hehea, wa mafuta."

Tiba ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni chupa ya maji ya kisiwa kipya, kile kilichochomoza baharini na moto wake wa volkano bado tumboni. Ya pili ni kuyaondoa nyumbani makopo yote, pamoja na mafuta ya kukaangia na sukari, kuyapeleka Popua kwenye nyumba ya marehemu mjomba wake.

"Utayafanyia nini?" aliuliza Sisilia.

"Nitayaficha mahali ambapo hakuna atakayeyasikia."

Na katika hilo, ni haki tuseme, hakudanganya hata neno.

*

Maji ya volkano yalitoka kwenye bomba la nyuma ya nyumba. Hehea aliyatia chumvi kidogo na kipande cha jiwe jeusi alichookota barabara inapotengenezwa. Lakini chupa zilikuwa chambo tu. Samaki mwenyewe alikuwa makopo. Mkutano mkuu ulikuwa unakuja mjini, wageni kutoka visiwa vyote, na kila kanisa lingetakiwa kulisha mamia. Siku hizo nyama ya kopo hupanda bei mpaka watu wanaiita kwa jina lake kamili. Anayekuwa na shehena siku hiyo ni mfalme mdogo, na anayekuwa na shehena pamoja na tiketi ya ndege ni mfalme mdogo asiyeshikika.

Wanawake walileta. Walileta kwa magari, kwa toroli, mmoja kwa mgongo wa farasi. Umoja mzima ulifuata mfano wa mwenyekiti wake, na chumba cha mjomba kikajaa mpaka dari. Hehea alilala katikati ya katoni, akiota anapanda ngazi za ndege huku makopo yanampungia mkono.

Juma la pili walimjia na nyuso za baridi.

"Daktari, hatujapungua hata gramu."

Mtu mwingine angetafuta mlango wa nyuma. Hehea alikuna kidevu. "Mmekujaje hapa?"

"Kwa gari la Sisilia."

"Hilo! Maji yanatikisika garini, nguvu inakwisha. Yanatakiwa kufuatwa kwa miguu, alfajiri, kabla jua halijayaona."

Kutoka kanisani hadi Popua si karibu. Hehea aliamini hawatafika, na wasipofika kosa ni lao. Kesho yake, giza halijaisha, alizinduliwa na sauti za wanawake wanaimba tenzi za kanisani kwa sauti nne, wanakaribia kando ya ghuba, na mbwa wote wa mtaa wanaitikia ya tano. Losaline alikuwa wa mwisho, anachechemea, amekaa kupumzika mara kadhaa njiani, jasho linamtiririka. Alikuwa amefika.

"Habari za asubuhi, daktari!"

"Hii bado si asubuhi," alinong'ona Hehea.

Wakaja tena. Na tena. Kila walipolalamika, Hehea alibuni sharti jipya, kwa sababu ya uvivu tu. Walipokuta hajachota maji, aliwaambia wakachimbe viazi vikuu mashambani kwao kwanza, wale kama bibi zao walivyokula, viazi na samaki na majani, maana maji hayawapendi watu wa mkate mweupe. Walipouliza kuhusu soda, alisema soda na volkano wana ugomvi wa siku nyingi. Walipomkuta amelala mchana, akasema kila mgonjwa alale mapema usiku, la sivyo tiba inafanya kazi kwa daktari peke yake.

Lakini sharti lililobadilisha mambo alilitoa akiwa anapiga miayo.

"Daktari," Losaline alisema siku hiyo, "nyumbani naweza. Tatizo ni kwa watu. Nikienda msibani napewa sahani imejaa mbavu za kondoo. Nikikataa nimemtukana marehemu. Nikienda harusini, nikikataa nimemlaani bibi harusi. Nikimtembelea dada yangu, nikikataa ananuna mpaka Krismasi. Mimi sili kwa njaa, mwanangu. Nakula kwa adabu."

"Sema Daktari Hehea amekataza."

"Watasema Daktari Hehea ni mtu mbaya."

"Waseme. Lawama ziwe juu yangu." Alikuwa anautamani mto wake wa kulalia. "Zote. Misiba, harusi, dada yako. Mimi ndiye mbaya."

Losaline alimtazama kwa muda mrefu mpaka Hehea akajihisi hana shati. "Juu yako?"

"Juu yangu."

"Hakuna mtu aliyewahi kutuambia hivyo," alisema Losaline, akageuka kumficha macho yake.

Tangu hapo jina la Hehea lilivuma katika kila msiba. Sahani ilipoletwa, wanawake walishika vifua na kulalama. "Ah, jamani, mimi natamani! Tatizo ni yule katili wa Popua!" Wenyeji wakatoa pole, wakamlaani Hehea kwa pamoja, wakaleta samaki wa kuchemsha. Adabu ilibaki, na mafuta pia yalibaki, kwenye sufuria.

Si kila siku ilikuwa nyepesi. Sisilia alifumaniwa na mumewe ndani ya banda la kuku, ana kijiko na kopo alilolificha chini ya mayai. Hehea, kwa kuwa ni mfanyabiashara, alipendekeza atozwe faini ya katoni nzima. Sisilia akalia, akasema basi ameshaharibu, afadhali arudi kula kama zamani.

"Umeanguka," Losaline alimwambia. "Aliyeanguka anainuka, hajengi nyumba pale chini. Kesho alfajiri nakupitia."

"Na faini?" aliuliza Hehea.

"Daktari, kanywe maji."

*

Ilipita miezi. Nesi Fusi, msichana mtaratibu mwenye kalamu tatu mfukoni, alianza kuisimamia mizani kama haiamini. Siku moja alimkalisha Losaline pembeni.

"Mama, mnakunywa dawa gani?"

Losaline akatoa chupa. Fusi akaonja. Akaonja tena.

"Haya ni maji ya bomba."

"Ya Popua. Ladha ya kamba iliyolowa. Niliijua siku ya kwanza."

"Ulijua? Mama! Na vidonge nilivyokupa vya shinikizo la damu je? Huyo tapeli amekuachisha?"

"Aliniambia maji yanatosha. Nikamwambia ndiyo mwanangu, nikavimeza mbele ya mlango wake."

"Basi mbona hamumfichui? Haya yote mnayofanya, kutembea, kuacha soda, kula vya shambani, nimewaambia mimi mwaka mzima! Bure!"

Losaline akamshika mkono. "Umetuambia, binti yangu, na ulisema kweli. Lakini wewe tunakupenda. Nikimwambia mke wa mchungaji sili chakula chake kwa sababu ya Fusi, atakuchukia wewe, na mimi sitakubali. Tulikuwa tunahitaji mtu ambaye akichukiwa hakuna hasara."

Fusi alirudi kusoma mizani. Zilikuwa zimebaki kilo mbili.

Kwa upande wake Hehea alikuwa anavuna shukrani. Kwetu aliyekutendea wema hupelekewa chakula, na huwezi kumpelekea daktari kiazi cha kuchemsha. Basi kila kilichokatazwa kikapata nyumba: mbavu za kondoo, magimbi yaliyozama katika tui, maandazi, ngozi ya nguruwe iliyokaushwa vizuri. Mleta chakula hukaa na kukutazama mpaka umalize. Hehea angekataa angesema nani amemkataza? Alikula. Akala tena jirani mwingine alipobisha. Suruali aliyokuja nayo kutoka Auckland ikaacha kufungwa, akaanza kuvaa kitambaa cha kiunoni kama wazee, akiwaambia watu amerejea kwenye mila.

*

Mnunuzi wa makopo alikuwa Kepueli, mwenye ghala bandarini. Huyo si mtu wa mchezo. Inasemekana aliwahi kumuuzia nahodha nanga yake mwenyewe, na nahodha akamshukuru. Alikuja Popua, akakitazama chumba, akapiga mluzi.

"Umeiba kambi ya jeshi?"

"Wagonjwa wangu," Hehea alisema kwa unyenyekevu. "Nitapata pesa lini?"

"Mzigo ukifika."

"Mzigo unaondoka pesa zikifika."

"Basi panda gari pamoja na mzigo," alisema Kepueli, "ufike nao, pesa uzikute huko."

Hapo Hehea aliridhika. Alikuwa amechunguza kila kitu kuhusu Kepueli: madeni yake, maadui zake, lori lake. Kitu kimoja hakukichunguza, kwa sababu Auckland hakuna aliyekifundisha na hapa hakuna anayehitaji kufundishwa. Mtoto yeyote wa hapa, kabla hajafanya biashara na mtu, anauliza kwanza: shangazi yake ni nani?

Siku ya kufunguliwa mkutano lori lilijazwa mpaka turubai likatuna. Hehea alikaa mbele, mkoba wa safari mapajani, tiketi ya ndege ya jioni mfukoni. Lori likapita soko. Likapita njia ya bandarini.

"Ghala ni kule," alisema Hehea.

"Najua lilipo ghala langu."

"Sasa tunakwenda wapi?"

Kepueli hakujibu. Hehea akamtazama vizuri, akaona jambo la ajabu: yule mbabe wa bandari alikuwa ametoa kofia, amefunga vifungo vyote vya shati, na amejifunga kiunoni mkeka wa heshima, kama mtu anayekwenda kanisani au kwa hakimu.

"Kepueli, ndugu yangu. Simamisha gari."

"Siwezi. Ameniambia nilete."

"Nani?"

"Shangazi."

"Shangazi gani?"

Lori likakata kona likaingia uwanja wa kanisa. Mahema yalijaa wageni, moshi wa matanuri ya ardhini ulitanda, na chini ya hema la kwanza, kwenye kiti chake, alikuwa ameketi Losaline.

"Dada yake baba," alisema Kepueli kwa sauti ndogo.

Tuelewane. Mwanaume wa hapa anaweza kubishana na baba yake. Anaweza kubishana na polisi, hasa Jumamosi. Lakini dada yake baba akiingia nyumbani kwako na kuchukua sufuria, unamkimbilia na kifuniko.

"Ulimwambia nini aliposema ulete?" Hehea alisihi. "Hukubishana hata kidogo? Wewe? Kepueli wa nanga?"

"Nilimuuliza nilete saa ngapi."

"Mjinga wewe! Na pesa zangu?"

"Kamwombe shangazi," alisema Kepueli, akashuka, akapiga magoti majanini kumsalimu mzee wake. Vijana wakaanza kushusha katoni.

Hehea alishuka kama mtu anayeingia maji ya baridi. Losaline alimpokea kwa mikono miwili.

"Daktari! Umetulindia vizuri, Mungu akubariki. Kila mwaka mkutano ukifika tumeshayala yote, tunakopa na kuaibika. Mwaka huu yapo."

"Mama, hayo makopo, kuna jambo dogo..."

"Yamepungua kidogo, nimeona." Macho yake yakateremka hadi tumboni kwa Hehea, yakapumzika hapo. "Lakini mlinzi naye hula."

"Ulijua," Hehea alinong'ona. "Tangu lini?"

"Tangu uliporuka ukutani, mwanangu. Nilikuwa sijajua tu una faida gani."

Kabla hajajibu, mzee Vaha alisimama. Vaha ni msemaji wa chifu. Kazi yake ni kutangaza kila zawadi inayoingia uwanjani, na mapafu yake yamelelewa kwa kazi hiyo. Kilichotangazwa na Vaha kimeshatolewa. Hata mtoaji hawezi kukirudisha.

"Eeee! Sikilizeni! Nyama ya kopo! Lori zima! Kutoka kwa Hehea wa Popua, kwa ajili ya wageni wa Bwana!"

"Malie! Malie!" umati ukampongeza kwa makofi. Kwaya ikaanza kuimba. Bibi mmoja akaanza kucheza mbele yake.

Hehea alipima njia zake. Akisema makopo ni yake, ameyatoa. Akisema si yake, atasema yalifikaje kwake? Akasujudu kidogo, akatabasamu kwa meno yote, kama mtu anayeng'olewa moja.

Kisha akaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea lango. Ndege ilikuwa bado.

Ndipo shingo zote zikageuka. Mke wa chifu mwenyewe alikuwa amesimama, anatembea katikati ya mikeka, na mikononi ana sahani. Alikwenda moja kwa moja kwa Losaline, kumheshimu mwenyekiti kwa mkono wake. Juu ya sahani palikuwa na nguruwe mchanga, mgongo mzima, ngozi inang'aa na mafuta chini yake manene kama kamusi.

Losaline hakugusa. Kilo ya mwisho ilikuwa imetoka juzi, tena kwa kubembelezwa. Karamu ilikuwa ya siku mbili, na mizani ilikuwa Jumatatu. Sahani hii ingekuwa ya kwanza, na baada ya kukubali ya mke wa chifu, angemkatalia nani mwingine? Lakini hakuna mwanamke aliyewahi kukataa mkono ule. Akageuza kichwa akamtafuta Hehea.

Hehea alikuwa langoni tayari. Aliona macho yale. Aliona pia nguruwe, aliona lori tupu, akakumbuka miezi ya kuamshwa alfajiri kwa tenzi, na kifua chake kikajaa uchungu wote wa dunia. Wameyala makopo yake! Basi na wao hawatakula kitu!

"MARUFUKU!" alinguruma.

Kijiko kilianguka mahali.

"Mimi Hehea nimekataza!" Akaja mbio, kitambaa kinamfunguka, amekishika kwa mkono mmoja. "Mwanamke huyu hali mafuta! Leo hali, kesho hali, mpaka apime! Ana goti linasubiri! Mwenye lawama anilaumu mimi, nipo hapa, sina pa kwenda!"

Mke wa chifu alimgeukia taratibu sana.

"Wewe ndiye uliyetoa lori zima la nyama?"

Hehea alikaza kitambaa chake kiunoni. "Ndiye."

"Mtu aliyejinyima hivyo," alisema mke wa chifu, "anajua anachosema." Akaisogeza sahani pembeni, akainama karibu naye, akapunguza sauti. "Daktari, na mimi goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi. Nifanye nini?"

Hehea alitazama saa. Alitazama lango. "Tembea alfajiri," alisema kwa huzuni. "Na soda uache."

"Na wewe mwenyewe bila shaka huli hii?"

Ile ngozi ilikuwa inapasuka yenyewe kwa ukavu wake. Harufu ilimshika matundu yote mawili ya pua. Watu mia tano walisubiri.

"Sili, mama," alisema Hehea, na jicho moja likamtoka chozi.

Losaline alipewa kiazi na samaki, akala taratibu, na hakuna aliyenuna.

*

Jumatatu Losaline alivua mkeka wa kiunoni kabla ya kupanda mizani. Akavua hereni. Akachomoa kitana nyweleni, akavua miwani, na mwisho akatoa pumzi yote na kukataa kuvuta nyingine. Nesi Fusi aliinama kusoma. Akasoma tena kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Umepita," alisema. "Kwa uzito wa samaki mmoja."

"Mdogo au mkubwa?"

"Dagaa, mama."

"Anatosha," alisema Losaline, akamkumbatia Fusi mpaka kalamu zote tatu zikaanguka. Daktari wa ng'ambo akaliandika jina lake juu kabisa kwenye orodha ya Jumatano. Siku hiyohiyo Sisilia alikwenda kumtafutia Losaline mahali pa kutandaza mkeka wake mpya wa kufuma, sakafuni, katikati ya wenzake, si pembeni.

Hehea alikuwa anafunga mkoba. Ndege ilimwacha siku ya karamu, lakini ndege nyingine zipo. Alikuwa anapigana na zipu aliposikia nyayo nyingi nje. Akachungulia dirishani.

Barabara ya Popua ilikuwa imejaa wanawake wageni: wa Kolovai, wa Mua, wa vijiji asivyovijua, na wengine wa kisiwa cha pili ambao walikuwa bado hawajapanda meli ya kurudi. Kila mmoja alikuwa na katoni ya nyama ya kopo begani.

"Daktari Hehea! Tumesikia habari zako! Tufichie na sisi!"

Damu ilimrudia usoni. Mungu hamtupi mja wake! Ghala zima jipya, wateja wasio na shangazi yeyote bandarini! Akautupa mkoba kitandani, akafungua mlango kwa mbwembwe, akakunjua mikono.

Kando ya lango, kwenye kiti kilichotumwa na umoja wa wanawake, alikuwa ameketi mzee Vaha, miguu ameinyoosha, chupa ya maji pembeni, kama mtu aliyekuja kukaa msimu mzima. Katoni ya kwanza ilipovuka kizingiti, mzee akavuta pumzi.

"Eeee! Katoni ya Ilaisaane wa Kolovai! Makopo ishirini na manne! Inaingia kwa Hehea kulindwa, itatoka vilevile!"

Mbwa walibweka. Madirisha yakafunguka. Jirani wa kushoto akatoka nje kusikia vizuri, wa kulia akamwita mkewe.

"Eeee! Ya Lavinia wa Mua! Ishirini na manne! Moja lina kibonyeo!"

Hehea alisimama mlangoni akasikiliza hesabu inapaa juu ya mapaa na kuvuka ghuba, mpaka akajua kwamba ikifika jioni hakutakuwa na mtoto mchanga Popua asiyeijua. Mama mmoja mfupi, mwenye jasho, alikuwa amesimama mbele yake na katoni, anahema, anamtazama kwa matumaini.

Akampokea mzigo.

"Wekeni upande huu," alisema. "Ule mwingine paa lake linavuja."